Kamera ya Pili Huchaguliwa na Ile ya Kwanza

Ndugu wapiga picha, wa kazi na wa kujifurahisha, asanteni kwa kufika.

Swali ni lilelile kila mara: "Ninayo kamera fulani. Ya pili ninunue ipi?" Na anayeulizwa hukimbilia kutaja majina. Leo majina yatakuwa machache, kwa sababu jina la kamera halisaidii mpaka tujue ile uliyo nayo inakwama wapi. Kamera inaweza kuwa nzuri sana ikiwa peke yake, na bado ikawa mzigo ikiletwa kukaa na nyingine: lenzi hazipandi, betri haziingiliani, rangi zinagombana, vitufe vimekaa kinyume. Kwa hiyo mshauri wako mkuu katika ununuzi huu ni hiyo iliyomo begini sasa hivi.

Kabla ya dukani, tupitie kwenye kompyuta. Chukua picha zako elfu moja za mwisho ulizozichagua na kuzihifadhi. Zile ulizozifuta hazina ushahidi. Programu yoyote ya kupangia picha itakuwezesha kuzichuja kwa urefu wa lenzi, apecha (tundu la lenzi la kupitishia mwanga, ambapo f/1.8 ni pana kuliko f/4), kasi ya shata (pazia linalofunguka na kufunga mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga), kwa kuwa kamera huandika mambo hayo ndani ya kila faili. Tazama zimelundikana wapi. Ukikuta nyingi zimepigwa kwenye ncha ya zumu, tuseme milimita 200 ya lenzi ya 70–200, halafu ukazikata pembeni, shida yako ni umbali. Ukikuta ISO 6400 na 12800 zimetapakaa, shida ni mwanga. Na ukikuta karibu zote ni za siku za kazi, hakuna hata moja ya njiani wala ya nyumbani, shida ni uzito: kamera inalala kabatini.

Sasa angalia dawa zake. Mwenye shida ya mwanga anayetumia zumu ya f/4 akinunua lenzi ya 50 mm f/1.8 atapata zaidi ya stopu 2, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Akihama kutoka kamera ya kihisi (kibamba kinachopokea mwanga) kidogo cha APS-C kwenda ya kihisi kikubwa cha fremu kamili, kwa apecha ileile, atapata stopu moja na robo hivi, na atakuwa ametumia fedha nyingi zaidi. Huyu hahitaji kamera, anahitaji lenzi. Nalisema hili mapema ili watakaoona limewagusa wapumzishe pochi zao na wabaki kutusikiliza tu.

Waliobaki, tuulizane: hiyo ya pili inakuja kufanya kazi gani? Naziona kazi tatu, na kila moja ina sheria zinazopingana na za mwenzake.

Ya kwanza ni akiba, kamera ya kushika nafasi pale ile kuu itakapozima katikati ya shughuli. Sheria yake ni fupi: ifanane. Ikiwezekana iwe modeli ileile, na isipowezekana iwe ya kizazi kilichotangulia katika ukoo uleule. Anayepiga harusi hana dakika ya kutafuta kitufe cha ISO huku pete inavalishwa. Akiba yenye maunti (mshikio wa lenzi), betri na kadi za aina moja na kamera kuu, unaitoa, unahamishia lenzi, unaendelea. Wako wanaonunua kamera mpya iliyo bora zaidi na kusema ile ya zamani sasa itakuwa akiba. Si vibaya, ila wajue kwamba walichofanya ni kubadilisha kamera kuu. Swali libaki palepale: ya zamani inaweza kuimalizia mpya kazi kwa lenzi zilezile? Kama haiwezi, mtu huyo ana kamera moja na pambo moja.

Ya pili ni mwenza, kamera inayofanya kazi wakati mmoja na ya kwanza: moja ina lenzi pana, nyingine ina lenzi ya mbali, nawe hubadilishi lenzi siku nzima. Ya tatu ni ya mfukoni, ambayo sifa yake kubwa ni kwamba utakuwa nayo. Mwenza ndiye mwenye mambo mengi, basi huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Tuanze na maunti, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Maunti ni ile pete ya chuma ambapo lenzi hushikana na kamera. Kila aina ya maunti ina umbali wake maalumu kutoka kwenye pete hadi kwenye kihisi, na umbali huo ndio unaoamua lenzi ipi inaweza kupanda wapi. Canon EF, iliyotoka mwaka 1987, ni milimita 44. Nikon F, ya mwaka 1959, ni 46.5. Hizo ni za kamera zenye kioo ndani, na kioo kilihitaji nafasi ya kunyanyuka. Kamera zisizo na kioo zimeifuta nafasi hiyo: Canon RF ni milimita 20, Sony E ni 18, Fujifilm X ni 17.7, Nikon Z ni 16, na Micro Four Thirds ni 19.25.

Fanya hesabu ya kutoa tu. Lenzi ya EF kwenye kamera ya RF: 44 ukitoa 20 inabaki 24, basi adapta yake ni bomba la milimita 24, tupu ndani, lenye nyaya za kupitishia mawasiliano ya lenzi na kamera. Hakuna kioo cha lenzi kilichoongezwa njiani, kwa hiyo ubora wa picha haupungui. Igeuze hesabu hiyo: lenzi ya RF kwenye kamera ya EF ingehitaji izame milimita 24 ndani ya mwili wa kamera. Haiwezekani, na hakuna fundi wa kukusaidia. Kwa hiyo mwenye kamera ya zamani yenye kioo anayeiongezea mwenza asiye na kioo ajue kwamba lenzi zake husafiri upande mmoja. Za zamani hupanda kamera mpya. Mpya hazirudi nyuma. Ndiyo sababu mtu anayetaka kutumia kamera hizo mbili kwa miaka miwili mitatu pamoja ningemwambia aendelee kununua lenzi za zamani, za EF au F, hata kama muuzaji anazisifia mpya. Ndizo zitakazozitumikia kamera zote mbili.

Adapta nazo zina mitego. FTZ, adapta ya Nikon ya kupandishia lenzi za F kwenye kamera za Z, haina mota ndani yake. Lenzi za AF-D, ambazo huzungushwa na mota ya kamera kupitia kijiti kidogo kwenye maunti, zitapanda na kupima mwanga vizuri, lakini fokasi, yaani ukali wa picha, utaizungusha kwa mkono. Lenzi za AF-S zina mota yao wenyewe na hazina shida hiyo. Adapta za kuozesha kampuni mbili tofauti ni habari nyingine: aliyeitengeneza amebuni kwa kuchunguza jinsi lenzi na kamera zinavyozungumza, basi fokasi huweza kusitasita gizani, na sasisho moja la programu ya ndani ya kamera laweza kuvuruga kila kitu. Kabla hujailaumu, fanya jambo moja. Ukiona mahali pa kuandikia apecha kwenye skrini pameweka sufuri au vistari, zima kamera, vua lenzi, futa vile vidoti vya dhahabu vya pande zote kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, rudisha lenzi uizungushe mpaka isikike "kli". Mara nyingi lenzi ilikuwa haijafika mwisho. Na kila kiungo kimoja kinachoongezeka ni mahali pengine pa kulegea, kwa hiyo kama una lenzi moja nzito unayotumia kila siku, adapta ibaki imefungwa kwenye lenzi hiyo moja kwa moja.

Jina la kampuni nalo lisikupumbaze. Canon ilitoa EF-M mwaka 2012 kwa kamera zake ndogo zisizo na kioo, na mwaka 2023 mfululizo huo ukafikia mwisho. Lenzi ya EF-M haipandi kamera ya RF, wala ya RF haipandi kamera ya EF-M, ingawa zote zimeandikwa Canon. Upande wa pili, Micro Four Thirds inatumiwa na Panasonic pamoja na OM System, ambayo zamani ilikuwa Olympus. Na maunti ya L inatumiwa na Leica, Panasonic na Sigma. Unapokwenda dukani uliza maunti, kampuni itafuata.

Baada ya maunti, kihisi. Fremu kamili ni milimita 36 kwa 24. APS-C ya Nikon, Sony na Fujifilm ni takribani 23.5 kwa 15.6, na ya Canon ni ndogo kidogo, 22.3 kwa 14.9. Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13. Kamera ndogo nyingi hutumia kihisi kinachoitwa cha inchi moja, ambacho ni milimita 13.2 kwa 8.8, hata ukipima kona kwa kona inchi hiyo huioni. Kihisi kidogo huona kipande tu cha picha inayoletwa na lenzi, ndiyo maana tunazungumzia kizidishio: 1.5 kwa APS-C nyingi, 1.6 kwa Canon, 2 kwa Micro Four Thirds.

Hapa ndipo mwenza mwenye kihisi tofauti anapoweza kukufaa. Una kamera ya fremu kamili na lenzi ya 70–200. Ukiipandisha kwenye kamera ya APS-C ya maunti hiyohiyo, utaona kama unaona kwa 105–300. Mpiga picha za ndege au za michezo atafurahi. Lakini kabla hajafurahi, na ahesabu pikseli. Kamera ya fremu kamili ya megapikseli 45, ukiikata kwa kizidishio cha 1.5, inabakiwa na megapikseli 20. Maana yake ni kwamba ndani ya kamera hiyo tayari mna kamera ya APS-C ya megapikseli 20, bure. Kununua nyingine ya megapikseli 20 au 24 kwa ajili ya umbali peke yake hakumwongezei karibu chochote. Kwa mwenye fremu kamili ya megapikseli 24 hesabu inabadilika: akikata anabakiwa na chini ya 11, na hapo APS-C ya 24 inampa faida anayoiona kwa macho.

Upande wa lenzi pana mambo hugeuka. Lenzi yako ya 24 mm iliyo pana kwenye fremu kamili itaona kama 36 kwenye APS-C, na upana umekwisha. Kwa hiyo katika jozi ya namna hii, fremu kamili hubeba lenzi pana na kazi ya gizani, APS-C hubeba ya mbali. Ukizipanga kinyume umeziharibu zote mbili. Jambo la kuangalia ni lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya APS-C. Nikon DX ikipandishwa kwenye fremu kamili ya Nikon, kamera hujikata yenyewe, na picha inapungua pikseli. EF-S ya Canon haipandi kabisa kwenye kamera ya EF ya fremu kamili, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya lenzi hiyo hujitokeza na ingegonga kioo. Lakini kwenye RF, kupitia adapta, hupanda na kamera hujikata.

Betri. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku utakapobeba chaja mbili, nyaya mbili na betri sita ambazo tatu haziwezi kuzisaidia tatu nyingine. Sony hutumia NP-FZ100 katika kamera kama a7 III, a7 IV na a6700, lakini a7 II na a6400 hutumia NP-FW50, iliyo ndogo na yenye chini ya nusu ya chaji. Anayechagua mwenza wa a7 III, tofauti hiyo peke yake inatosha kumvuta upande wa a6700. Fujifilm X-T30 na X100V hutumia betri moja, NP-W126S. X-T4 hutumia nyingine. Na hata umbo likifanana, tazama herufi ya mwisho. EN-EL15 ya kwanza ya Nikon inaingia katika kamera za Z zinazotumia ukoo huo, lakini huwezi kuichaji ndani ya kamera kwa waya wa USB. EN-EL15b na EN-EL15c unaweza. LP-E6NH ya Canon inaingia kwenye EOS R5 Mark II, ila baadhi ya kazi nzito hazitafanyika mpaka uweke LP-E6P.

Kadi ni hivyohivyo. Kadi ya SD ya UHS-I ina kikomo cha megabaiti 104 kwa sekunde. UHS-II, ile yenye safu mbili za vidoti nyuma, hufika 312, lakini ukiiweka kwenye kamera ya UHS-I inarudi kutembea pole pole. Kwa video usitazame namba kubwa iliyoandikwa mbele, tazama V: V30, V60 na V90 ni megabaiti 30, 60 na 90 kwa sekunde ambazo kadi imeahidi kutoshuka chini yake. Video ya megabiti 100 ni megabaiti 12.5 tu, V30 inatosha. Ya megabiti 400 ni megabaiti 50, hapo V60. Kamera mbili zikitumia kadi za aina moja, unanunua kwa ajili ya ile yenye njaa zaidi na nyingine inakula humohumo.

Kuna hili la mkono, ambalo halimo kwenye orodha ya sifa za kamera. Waswahili husema mshika mawili moja humponyoka, na kinachoponyoka hapa ni mazoea. Lenzi ya Canon ukiitazama kwa mbele huzungushwa kufuata mshale wa saa ili ifunge. Ya Nikon huzungushwa kinyume. Pete za zumu nazo mara nyingi hupishana mwelekeo. Kigurudumu cha apecha kwenye kamera moja kiko mbele, kwenye nyingine kiko nyuma. Ukiwa umetulia mezani unacheka. Katika purukushani, unapofungua apecha ukidhani unaifunga, picha kumi zinaungua kabla hujagundua. Kama mwenza ni wa ukoo mwingine, tenga jioni moja: geuza mwelekeo wa vigurudumu kwenye menyu, weka fokasi kwenye kitufe cha nyuma kwa zote mbili au usiweke kwa yoyote, na hakikisha kidole gumba kinakuta kitu kilekile mahali palepale. Faili la mipangilio ulilohifadhi kwenye kadi halihami kutoka modeli moja kwenda nyingine, kwa hiyo utayaingiza kwa mkono.

Fleshi nayo itakuuliza swali. Katika kupima mwanga kiotomatiki, fleshi ya kampuni moja haizungumzi na kamera ya kampuni nyingine. Itawaka kwa kidoti cha katikati cha mahali inapopachikwa, kwa nguvu utakayopanga mwenyewe, basi. Ukitegemea fleshi, hiyo ni sababu kubwa ya kubaki na kampuni moja.

Rangi. Piga kitu kimoja kwa kamera mbili ukiwa umeweka 5200 K, kipimo cha rangi ya mwanga, kwenye zote, na ngozi ya mtu itatoka tofauti. Kila kampuni ina kichujio chake juu ya kihisi na namna yake ya kutafsiri rangi. Dawa inaanzia kwenye tukio lenyewe. Weka usawa wa nyeupe, ile WB, kwa namba, usiuachie otomatiki, maana otomatiki mbili zitachagua namba mbili. Piga RAW, faili ghafi la kihisi. Kila mwanga unapobadilika, shika kadi ya kijivu mbele, ipige kwa kamera zote mbili kwa lenzi zitakazotumika. Nyumbani, sahihisha kijivu cha kila kamera kwanza, kisha mwangaza, mwisho ndipo uguse rangi ya ngozi. Utagundua pia kwamba ISO 800 ya kamera moja huweza kuwa nyeusi kidogo kuliko ISO 800 ya nyingine, hata theluthi ya stopu. Ukishaijua tofauti hiyo, unaifidia kwenye kamera na huhangaiki tena. Na kamera mpya kabisa huweza kuleta mafaili ya RAW ambayo programu yako ya zamani haiyafungui. Adobe DNG Converter ni ya bure na hukuvusha, lakini ni hatua moja zaidi kwa kila kazi.

Kwa video masharti hukaza. Fremu kwa sekunde ziwe sawa kwenye zote, 25 na 25, shata 1/50. Penye umeme wa hezi 50 taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/50 au 1/100 huficha mpepeso huo. Penye hezi 60 tumia 1/60 au 1/120. Kamera nyingi za miaka ya nyuma hukata kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59. Wengi hudhani ni joto. Chanzo chake kilikuwa ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya, uliokihesabu kifaa kinachorekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video. Lakini joto lipo, hasa kwa 4K ndani ya kamera ndogo, kwa hiyo kabla ya kuiamini kwa hotuba ya saa nzima, irekodi ukuta saa nzima. Kwenye tukio, piga kofi moja mbele ya kamera zote baada ya kuziwasha, na jingine mwishoni. La kwanza ni la kuunganishia sauti, la pili litakuonyesha kama zimeachana njiani, kwa sababu saa za ndani za kamera mbili hazitembei sawasawa kabisa.

Kamera ya mfukoni tuipitie haraka. Ricoh GR III ina kihisi cha APS-C, lenzi inayoona kama 28 mm, na uzito wa gramu 257 ikiwa na betri na kadi. X100 za Fujifilm huona kama 35 mm, na shata yake iko ndani ya lenzi, kwa hiyo hukubali fleshi kwa kasi ambazo kamera nyingi za shata ya pazia hukataa. Kamera hizi zina lenzi isiyotoka: vumbi likiingia hadi kwenye kihisi hulifikii kwa pampu, ni kazi ya fundi. Usizitie mfukoni bila ala. Na simu? Kama picha zako za siku za kawaida unazitazama kwenye simu tu, simu yako tayari ni kamera ya pili, na hakuna haja ya kuona aibu.

Wengi mtanunua iliyotumika, na kwa akiba au mwenza naiona njia nzuri kuliko mpya ya daraja la chini. Ikague hivi. Tazama maunti: rangi ikibanduka na skrubu zikiwa na mikwaruzo ya bisibisi, imewahi kufunguliwa. Linganisha namba ya chini ya kamera na ile iliyomo ndani ya faili la picha. Uliza idadi ya mibofyo ya shata, ukijua kwamba shata nyingi hukadiriwa kati ya 100,000 na 400,000, na kwamba video na shata ya kielektroniki mara nyingi hazihesabiwi humo. Kamera yenye mibofyo 5,000 huenda ikawa imerekodi video miaka mitatu. Piga picha za 1/4000: ukanda mweusi upande mmoja ni shata inayochoka.

Kisha kihisi. Weka f/16, ISO 100, fokasi ya mkono ukiivuruga makusudi, shata ya sekunde 1, elekeza ukuta mweupe na uitikise kamera polepole wakati inapiga. Kutikisa kunafuta madoa ya ukuta. Ya kihisi yanabaki. Kuza picha na uipitie kona hadi kona. Duara la kijivu lenye kingo laini ni vumbi, litasafishika. Mstari mwembamba mkali ni mkwaruzo, rudisha kamera kwa mwenyewe. Halafu funika lenzi, piga sekunde 30 kwa ISO 800: vidoti vichache vyenye rangi ni kawaida, mstari mzima si kawaida. Kama ina kihisi kinachoelea, kile cha kutuliza mtikisiko, usiogope ukisikia kitu kinagongagonga ndani ikiwa imezimwa. Nyingi hufanya hivyo. Ogopa ikiwa imewashwa na picha kumi za 1/15 zinatoka upande mmoja umefifia. Maliza kwa kujaza kadi katika kila tundu, na kuchomeka kila waya: maikrofoni, HDMI, USB.

Kubeba. Kamera mbili zenye 24–70 na 70–200 za f/2.8 hukaribia kilo 3 na nusu mabegani. Mikanda ya mabega mawili hufungwa kwenye skrubu ya tripodi chini ya kamera, na skrubu hiyo hulegea kwa mitikisiko ya kutembea. Ikaze kila saa, na ufunge uzi wa usalama kutoka kwenye mkanda hadi kwenye kile kitanzi cha pembeni mwa kamera. Weka bamba la aina moja chini ya zote, ili tripodi moja izipokee bila kubadilisha chochote.

Limebaki la saa, na hili tutalifanya hapahapa kabla ya maswali. Picha za kamera mbili hupangwa kwa saa iliyoandikwa ndani ya mafaili. Zikipishana dakika tatu, bibi harusi atavaa pete kabla hajaingia ukumbini. Zitoeni kamera zenu mbili, ingieni kwenye menyu, angalieni kwanza eneo la saa na lile chaguo la saa za kiangazi lizimwe au liwashwe sawa kwa zote. Badilisheni na mwanzo wa majina ya mafaili, moja ianze na A, nyingine na B, yasije yakafutana mkiyaweka folda moja. Nawasha saa ya simu hapa kwenye ukuta, ina sekunde. Pangeni dakika inayokuja, bonyezeni sawa ikigonga sufuri, kisha kila mtu aipige picha saa hii kwa kamera zake zote mbili. Sekunde zitakazopishana kwenye picha hizo ndizo mtakazozirekebisha kwenye kompyuta. Aliyekwama kwenye menyu anyooshe mkono.